Ng'ombe Mmoja Kati Yetu

Kach. Kimya kidogo. Kach, kach.

Bibi Wilhelmina alikuwa macho kitandani, kama alivyokuwa macho kila alfajiri tangu tezi ya shingo yake ianze kumnyima usingizi. Moyo wake ulikimbia bila kufukuzwa na mtu. Akatega sikio. Sauti ilitoka nyuma ya jiko, pale nyumba yao ya Ilemela ilipoegemea jiwe kubwa. Haikuwa panya. Panya akianza kutafuna hasiti, lakini huyu alitafuna, akanyamaza, akatafuna tena, kama mtu aliyefunika mdomo kwa kiganja.

Bibi akaitambua sauti ile. Ulikuwa udongo wa kula, ule unaochomwa ukawa mgumu na kuuzwa vipande vipande sokoni Mkuyuni. Yeye mwenyewe aliutafuna kwa siri zamani, alipokuwa na mimba ya Mihayo. Na aliyekuwa akiutafuna sasa hangeweza kuwa mwingine ila Hellen, mke wa huyo huyo Mihayo.

Alitabasamu gizani, akatulia. Hellen alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya kwanza walikuwa wameitangaza kwa furaha, majirani wakaja na maziwa. Ya pili waliinong'ona tu. Hii ya tatu, ni wazi, Hellen alikuwa ameamua kutoisema kabisa, hata kwa mumewe. Bibi aliona ni sawa. Kwao mimba changa haitajwi. Tumbo likiwa tayari litajisemea lenyewe. Kwa hiyo alipoamka alikohoa kwa nguvu mlangoni na kuburuta ndala zake, ili mkamwana wake apate muda wa kufuta mdomo.

"Shikamoo, Mama. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka salama. Maji yamechemka?"

"Yamechemka. Leo ndiyo leo."

"Leo ndiyo leo," akasema Bibi.

Ilikuwa siku ya kumeza kidonge cha mionzi. Goita, ule uvimbe wa shingo, alikuwa nayo tangu usichana, ndogo, na wanawake wengi wa rika lake walikuwa nayo, hakuna aliyeiogopa. Lakini miaka ya karibuni tezi ile ilianza kufanya kazi kupita kiasi. Bibi akakonda huku anakula. Mikono ikatetemeka hadi akashindwa kupitisha uzi kwenye sindano, yeye aliyewashonea sare watoto wa mtaa mzima. Dawa za kawaida zilimtuliza, daktari akazisitisha, ugonjwa ukarudi na hasira mpya. Upasuaji, alisema daktari, ni mzigo mkubwa kwa moyo uliochoka hivyo, na kusubiri nako moyo hautaki. Ndipo walipomwambia habari za madini joto yenye mionzi.

Kwenye hospitali kubwa mjini walipokelewa na muuguzi wa kitengo cha mionzi, Maulida, mwanamke wa ushungi mweupe na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Aliamkia, akamvutia Bibi kiti chenye mto, kile alichokuwa amekalia mwenyewe.

"Bibi, nitakuuliza tena maswali yale yale ya juzi. Usinichoke."

"Uliza, mwanangu. Mimi mwenyewe narudia maneno siku nzima, hakuna anayenilipia."

"Nyumbani mnaishi nani na nani?"

"Mimi, mwanangu Mihayo, na huyu mkamwana wangu uliyemwona."

"Kuna mtoto mdogo?"

"Hatujabahatika bado."

"Kuna mjamzito, au anayenyonyesha?"

"Hakuna," Hellen akajibu kutoka nyuma, haraka, kama mtu anayefunga mlango mbuzi wasiingie.

Maulida akamtazama Bibi kusubiri jibu la mwenyewe.

"Hakuna," akasema Bibi Wilhelmina.

Alilisema hilo bila kuona haya. Hospitali huuliza mengi: dini yako, mwenyekiti wa mtaa wako, jirani wa kupigiwa simu. Bibi aliliweka swali lile katika kapu hilo hilo. Siri ya tumbo la mkamwana si ya kuachwa mezani kwa watu.

Maulida akamtuma Hellen akanunue chupa kubwa ya maji ya kunywa, kisha akasogeza kiti.

"Sasa nisikilize. Tezi yako ya shingo inapenda kitu kimoja, madini joto, yale yanayotiwa kwenye chumvi. Mwilini mwako hakuna kiungo kinachoyataka kama yenyewe. Sisi tunachukua madini joto yenye mionzi, tunayatia kwenye kidonge. Ukimeza, tezi inasema, 'Chakula changu hicho,' inayavuta yote inayoweza. Mionzi inaunguza sehemu iliyozidi, polepole, kutoka ndani. Hakuna kisu wala kidonda."

"Kwa hiyo mnamtegea mlafi kwenye sahani yake."

Maulida akacheka hadi akashika meza. "Bibi, hilo nitaliiba. Ndivyo hasa."

"Na mlafi akishikwa, mimi napata nini?"

"Usitegemee kesho. Itachukua wiki kadhaa, labda miezi, ndipo moyo utulie na mwili urudi. Siku za mwanzo shingo inaweza kuuma, mate yakapungua. Na kuna hili la kujua mapema: mara nyingi tezi inalala moja kwa moja. Ikilala, utameza kidonge kingine kidogo kila asubuhi, maisha yako yote. Hicho hakina mionzi. Ndiyo maana tutakuita kupima damu, na ukiitwa uje."

"Kidonge kimoja asubuhi? Wenzangu kanisani wanameza kiganja kizima."

"Basi tumeelewana. Limebaki la watu wengine." Maulida akainamia mbele, sauti ikashuka. "Si mionzi yote itakayobaki shingoni. Siku za mwanzo nyingine itatoka kwa mkojo, jasho na mate. Na ile ya shingoni inatoka nje kidogo, kama joto la jiko unavyolisikia ukipita. Kwako ni dawa. Kwa anayekaa karibu nawe muda mrefu, anayelala chumba kimoja nawe, anayefua nguo zako kwa mikono, si dawa. Mtu mzima hatutaki aipate bure. Lakini tunayemlinda zaidi ni mtoto mdogo, na yule aliye tumboni. Huyo naye tezi yake inaumbwa, ndogo kama punje ya uwele, na uroho wake ni ule ule."

Bibi Wilhelmina akashika kingo za kiti. Hilo hakulijua. Alidhani mionzi ni ya anayeimeza, kama kwinini. Akaona chumba chake cha Ilemela, na mkeka ambao Hellen alikuwa ameutandika jana kando ya kitanda ili amuuguze usiku, kama mkamwana yeyote mwema.

"Maulida, mwanangu. Lile swali la mjamzito. Hebu lirudie."

Maulida akamtazama. "Nyumbani kuna mjamzito?"

"Yupo."

Muuguzi hakugeuka kutazama mlango aliotokea Hellen. Bibi aliliona hilo, akalishukuru moyoni. Aliweka tu kalamu chini.

"Anajua kwamba unajua?"

"Hajui. Na mimi siwezi kumtajia. Mbili zimeshamtoka. Akisikia hii imetajwa, tena hospitalini mbele ya wageni, hatapata usingizi mpaka ajifungue."

"Bibi, mimi sipo hapa kuvunja mila ya mtu. Lakini kidonge sikupi ukiwa unarudi nyumba hiyo. Ama tuahirishe mpaka mambo yake yaishe, na daktari ameshasema moyo wako hauwezi kusubiri hivyo, ama ukae pengine. Una mahali pasipo mtoto wala mjamzito?"

"Ninapo. Bujora, kwa wifi yangu Minza. Ni mjane kama mimi, ana kibanda kitupu na choo chake. Pale mdogo kuliko wote ni jogoo."

"Mpigie sasa hivi. Naye huyo mkamwana wako nitampa maelezo kama ninavyowapa wanawake wote wa umri wake wanaoleta wagonjwa. Sitamwuliza kitu, wala sitakutaja."

Ndivyo ilivyokuwa. Minza alipopigiwa alisema neno moja tu, "Njoo," akakata simu kwa kuogopa salio, ingawa hakuwa yeye aliyepiga. Kwenye korido, Maulida akasimama na Hellen, akamweleza taratibu, na kupitia kioo cha mlango Bibi akamwona mkamwana wake akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, macho yakiwa sakafuni.

Kidonge chenyewe kilikuwa kichekesho. Kilihifadhiwa ndani ya chombo kizito cha madini ya risasi, kikatolewa kwa koleo refu, na Bibi aliyekuwa ameandaa sala ndefu akakuta amekimeza kabla hajafika katikati.

"Ndiyo hiki tu?"

"Ndiyo hiki tu, Bibi. Kunywa maji, uende haja mara kwa mara, umwage maji chooni mara mbili. Sahani yako, kikombe chako, kitanda chako. Watu wawe mita mbili."

"Mita niliziacha shuleni. Ng'ombe akisimama kati yetu, kichwa kwako mkia kwangu, inatosha?"

"Awe ng'ombe mkubwa."

Nje, Mihayo alikuwa amesimama kando ya kirikuu, pikapu ndogo aliyoiazima kwa mwenzake. Alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, mtu mpole mwenye kucha nyeusi za oili. Siku hiyo alikuwa amenawa kwa mchanga hadi zikang'aa. Hellen alishika mfuko wa nguo za Bibi.

"Mama, panda mbele," Mihayo akafungua mlango.

"Sipandi mbele. Napanda nyuma peke yangu, kwenye kiti. Na twende Bujora."

"Bujora? Kwa shangazi?"

"Kwa shangazi yako. Nitakaa huko mpaka hospitali waseme basi."

"Mama, Hellen ameshakutandikia chumba."

"Nimeshukuru. Yeye arudi nyumbani."

"Nitakuja na wewe, Mama," Hellen akasema. "Muuguzi amesema umbali. Nitakaa kwa umbali. Nitapika, nitakuwekea mlangoni."

"Hapana."

"Angalau nguo..."

"Nimesema hapana, Hellen. Rudi nyumbani."

Neno lilitoka gumu kuliko alivyotaka. Lakini alijijua. Angelilegeza kidogo, yote yangemwagika pale mlangoni mwa hospitali. Hellen akaweka mfuko kwenye kirikuu, akapiga goti kuaga kama alivyofunzwa kwao, akaondoka bila kugeuka. Wote watatu walijua watu watasema nini. Mama mkwe mgonjwa akiacha kitanda cha mkamwana wake na kwenda kuuguziwa kwingine, mtaa hauulizi mara mbili. Ameshindwa huyo, hafai, anarudishwa.

Bibi alisafiri nyuma ya kirikuu kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa kwa kamba, ameshika chuma, kilemba kikipeperuka. Karibu na Kisesa kijana mmoja wa bodaboda akawafikia, akapaza sauti, "Bibi, wanakupeleka mnadani?"

"Mnadani mtu haendi na kiti chake!" Bibi akamjibu, na kijana akacheka nusura aingie mtaroni. Mihayo peke yake hakucheka. Kila alipotazama kioo alimwona mama yake amepakiwa kama ndama, na aibu ikampanda hadi masikioni.

Minza aliwapokea akiwa amesimama mbele ya ua wa minyaa, mikono kiunoni.

"Wifi! Umekuja na kiti kabisa. Ulidhani nyumbani kwangu tunakaa juu ya mawe?"

"Usisogee, Minza. Baki hapo hapo. Kati yetu asimame ng'ombe mmoja."

"Mmoja? Kaka yangu alitoa ng'ombe kumi na wawili kwa ajili yako, leo unanipimia mmoja?"

"Wale kumi na mmoja walikuwa wamekonda."

"Walikonda kwa kutembea kukutafuta wewe, ulikuwa unajificha!"

Hata Mihayo akacheka.

Maisha ya Bujora yakawa na utaratibu wake. Bibi alilala kibandani peke yake. Minza aliweka chakula juu ya kinu kilichopinduliwa katikati ya ua, akarudi nyuma, ndipo Bibi akaja kuchukua. Alikula kwenye sahani yake ya bati, akaiosha mwenyewe, akaianika peke yake juani. Kanga zake alizilowesha na kuzifua mwenyewe pembeni. Alikunywa maji hadi tumbo likalia kama mtungi. Koo liliwasha siku chache, likaacha. Jioni walikaa kila mmoja mlangoni kwake, wakaongea kwa sauti ya juu, na jirani yeyote aliyetaka kujua habari za ukoo wao alizisikia bure.

"Hiyo mionzi inakutoka lini?" Minza akauliza jioni moja. "Nilikuwa natarajia angalau ung'ae, nipumzishe sola."

"Inapungua nusu kila siku nane, na nyingine nakojoa. Maulida alinieleza. Ni kama msibani. Siku ya kwanza ua umejaa, hupati pa kuweka mguu. Baadaye nusu wanaaga. Waliobaki, nusu yao wanaaga. Mwisho anabaki shangazi mmoja asiye na haraka, lakini huyo hamalizi chakula."

"Shangazi huyo ni mimi," akasema Minza.

Wanawake wa jumuiya ya Minza walikuja kumjulia hali. Walipoelezwa wasiingie hawakununa. Walisimama nje ya minyaa wakaimba nyimbo mbili, na mmoja akaning'iniza kifurushi cha viazi vitamu kwenye tawi. Bibi aliwashukuru mpaka akaishiwa maneno. Lakini usiku, moyo ukimwamsha, hakuwaza shingo wala mionzi. Alimwaza Hellen anavyopita mtaani Ilemela akitazamwa. Huzuni, aliwaza, nayo inaweza kutoa mimba.

Mihayo akapiga simu.

"Mama, mke wangu halii mbele yangu, lakini naona macho yake asubuhi. Watu wanamwuliza kama alikuwa anakunyima chakula. Amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi rudi, au umwite aje."

"Mihayo, nani anachota maji hapo nyumbani?"

"Hellen. Kwa nini?"

"Chota wewe."

"Mama, nakwambia mke wangu anaaibishwa, wewe unaniambia maji?"

"Ndiyo, nakwambia maji. Na ndoo ukiileta uifikishe mpaka ndani."

Simu ilikatwa bila kuagana vizuri, jambo ambalo Mihayo hakuwahi kumfanyia mama yake.

Siku mbili baadaye, jua likiwa limeanza kupoa, Hellen mwenyewe akatokea njiani. Alikuwa ametembea kutoka barabarani, mkeka umekunjwa kichwani, chungu cha uji wa ulezi mkononi kimefungwa kwa kitambaa. Minza alikuwa uani akipukuchua mahindi. Bibi alikuwa ameinamia beseni mlangoni pa kibanda, kanga zake za siku ile zimelowekwa.

Hellen akaingia, akaweka chungu chini, akapiga goti.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," wote wawili wakaitikia, na kabla neno halijaisha Hellen alikuwa amesimama anakuja.

"Baki hapo," Bibi akasema.

Hellen akasimama. Ng'ombe angetosha kati yao bado, lakini mmoja tu.

"Mama, kama nimekosa niambie nitubu. Nimekuja na mkeka wangu. Nitalala nje, hapo mlangoni, hutanisikia. Ukinirudisha na leo sina tena uso wa kukaa Ilemela."

"Hujakosa kitu, mwanangu."

"Basi ni kwa sababu sijakuletea mjukuu. Sema tu, Mama. Wengine wanasema."

Minza aliyekuwa na utani kwa kila jambo safari hii aliinamia mahindi yake.

"Nani anasema? Mimi nimesema lini?"

"Hujasema. Umehama." Sauti ya Hellen ikakatika. Akajifuta kwa upande wa mkono, akajikaza, akaangalia beseni. "Angalau hizi kanga nifue. Usinikatalie hata kanga." Na akaanza tena kuja, mikono imenyooshwa mbele kwenye yale maji.

Bibi Wilhelmina alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. Hakuwa na pa kukimbilia, na hakuweza kumsukuma, maana kumgusa kungekuwa kosa lile lile. Miaka yote alikuwa amefunzwa kunyamaza. Akamtazama Hellen, kisha akashusha macho mpaka kwenye fundo la kanga lililofungwa juu kidogo kuliko kawaida.

"Mgeni," akasema.

Hellen akasita.

"Sisemi na mama yako, nasema na wewe uliye humo ndani. Karibu, mjukuu wangu. Mimi ni bibi yako. Nimemeza dawa kali. Kwangu ni nzuri, inanitibu, lakini wewe usiisogelee. Na hayo maji ya kanga yana jasho langu. Mwambie mama yako arudi nyuma. Mwambie bibi hakumhama yeye. Bibi alikukimbia wewe, ili ufike salama."

Mikono ya Hellen ilibaki hewani. Kisha polepole ikarudi, ikatua tumboni. Akapiga hatua nyuma, na nyingine, mpaka akafika penye jiwe karibu na minyaa, akaketi kwa kishindo.

"Nani amekwambia?"

"Unatafuna udongo kwa kelele, mwanangu. Hata jiwe la Ilemela linajua."

Minza akaangua kicheko, na Hellen naye akacheka huku machozi yanatiririka, yote kwa pamoja, hakuweza kuchagua.

"Na muuguzi alinieleza," akasema alipopata pumzi. "Nilisikia kila neno. Nikawaza, nikikataa kukuuguza itabidi niseme sababu, na nikiisema itatoka kama zile mbili. Nikasema nitakaa mbali kidogo kidogo, kimya kimya, mtu asijue."

"Mkeka mlangoni pangu ndiyo mbali?"

"Sikujua nifanye nini, Mama."

"Na mimi sikujua. Niliogopa kukutajia, nikakuumiza zaidi. Unisamehe." Bibi akakaa kizingitini. "Zile mbili hazikutoka kwa sababu tulizitaja, Hellen. Nimekaa hapa nikiliwaza hilo. Tulizitaja kwa furaha tu. Na hii sasa nimeitaja mchana kweupe, mbele ya Minza ambaye ni sawa na kuitangaza redioni. Kesho uende kliniki. Waambie kila kitu, na kwamba mama mkwe wako amemeza mionzi na hamkai pamoja. Na mwambie mumeo leo hii. Anachota maji?"

"Anachota. Analalamika, lakini anachota."

"Mwache alalamike."

Bibi akachukua simu, akampigia Maulida, akaiweka kwenye sauti ya juu ili wote wasikie. Maulida hakugomba. Aliuliza walivyokaa, Hellen amefika karibu kiasi gani, kwa muda gani, kama aligusa kitu.

"Hajagusa. Ng'ombe mmoja, tena kwa dakika chache."

"Basi hakuna la kuhofia. Mama kijacho, unanisikia? Uko salama, na mtoto yuko salama. Ukitaka kumwona Bibi, kaa hapo hapo ulipo, nusu saa, hewa inapita. Usile alichogusa, usiguse nguo zake. Siku ya kumkumbatia mimi mwenyewe nitawapigia. Na Bibi, maji?"

"Nakunywa, mwanangu. Nimegeuka bata."

Nusu saa ile walikaa hivyo: Hellen kwenye jiwe, Bibi kizingitini, Minza akienda na kurudi katikati. Minza alimimina uji wa ulezi kwenye kikombe cha Bibi, akauacha juu ya kinu. Bibi akaunywa taratibu, akausifu. Ulikuwa na ndimu, na Hellen alikuwa ameikumbuka kwa sababu muuguzi alisema mate yatapungua. Bibi alilitambua hilo katika funda la kwanza. Mtu aliyedhani amefukuzwa alikuwa amesimama sokoni akichagua ndimu kwa ajili ya yule aliyemfukuza.

Wakaongea habari za nyumbani. Bibi akaahidi kumpigia yule jirani yao mwenye mdomo, amweleze kwamba Bujora amekwenda kwa amri ya hospitali na kwamba hajapata kuuguzwa na mkamwana bora kuliko huyu. Kufika kesho mtaa mzima utakuwa na habari hiyo. Minza akadai mtoto akiwa wa kike aitwe Minza, na akiwa wa kiume vilevile.

Jua liliposhuka juu ya mawe, Minza akauchukua mkeka wa Hellen, akauweka kichwani mwake mwenyewe.

"Nitakusindikiza mpaka barabarani. Mwenye mgeni habebi."

Hellen akapiga goti kutoka mbali. "Baki salama, Mama."

"Nenda salama. Tembea polepole penye kokoto."

Walikuwa wamefika kwenye mwanya wa minyaa Bibi aliposimama kizingitini. Alikuwa amezoea kuwa yeye ndiye anayetembelea watu, mwenye kapu na salamu, na hakukumbuka lini aliomba yeye atembelewe.

"Hellen!"

"Abee, Mama."

"Jumapili una kazi?"

"Sina, Mama. Baada ya misa sina."

"Basi njoo. Ukae hapo hapo kwenye jiwe, usisogee hata kidogo. Lakini njoo tena unione."